Dominika ya Kwanza ya Kwaresima: Mji Utazamwapo kutoka Juu



Jumatano iliyopita tulipakwa majivu, tukakumbushwa asili yetu, yaani udongo, na mahali ambapo mwili wetu utarejea. Leo, siku nne tu baadaye, Injili ya Mathayo inatupeleka mahali pa juu sana. Tunamwona Bwana wetu amesimamishwa kwanza juu ya mnara wa hekalu, kisha juu ya mlima mrefu kupita kiasi, akionyeshwa milki zote za dunia pamoja na fahari yake. Kutoka majivuni hadi kileleni! Bila shaka Mama Kanisa ana jambo analotaka tulitafakari kuhusu urefu huo, na kuhusu namna mwanadamu anavyoona mambo awapo juu.

Majuma machache yaliyopita tulikaribishwa chakula cha jioni katika nyumba ya familia moja ya Kikristo. Wakati chakula kikiandaliwa, kijana wao wa kidato cha tatu alituita mbele ya kompyuta ya zamani aliyoachiwa na mjomba wake. “Karibu, Padre,” alisema, “leo nakurusha mpaka Marekani.” Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu ya kuigiza urushaji wa ndege iitwayo Microsoft Flight Simulator. Programu hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1982, ikitokana na kazi ya mhandisi Bruce Artwick, na tangu toleo lile la kwanza mchezaji alijikuta ameketi katika ndege ndogo kwenye uwanja wa Meigs Field, kando ya Ziwa Michigan, karibu kabisa na katikati ya mji wa Chicago. Ndiyo maana watu wengi duniani ambao hawajakanyaga Marekani kamwe waliufahamu mji ule kwa macho, jengo kwa jengo.

Basi tukaruka. Kulia kwetu likaenea ziwa, kushoto ukasimama mji. Kijana alituonyesha jengo refu jeusi lililoitwa Sears Tower, ambalo tangu mwaka 2009 huitwa Willis Tower: ghorofa 110, mita 442 kutoka chini hadi paani. Lilipojengwa katika miaka ya 1970 lilikuwa refu kupita majengo yote duniani, na likaendelea kuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Kaskazini yake alituonyesha John Hancock Center, lenye ghorofa 100. Majengo yote mawili yalitokana na akili ya mhandisi mmoja, Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka. Tukakiri kwamba Mungu amempa mwanadamu kipaji kikubwa.

Kijana yule anajua mambo mengi. Alitueleza kwamba anga la Chicago si pori. Kuuzunguka uwanja mkubwa wa O'Hare, anga limegawanywa kwa tabaka, mfano wa ngazi iliyopinduliwa: jembamba karibu na ardhi, na pana zaidi kadiri unavyopanda. Rubani haingii humo mpaka asikie kwa redio sauti ya mwongozaji ikimruhusu. Tena, sheria ya Marekani humtaka rubani apitaye juu ya mji akae walau futi 1,000, yaani kama mita 300, juu ya kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Tukamwuliza, “Na sisi, mwanangu, tumeomba ruhusa?” Akacheka. “Hapa, Padre, hakuna wa kutukamata.” Akaishusha ndege, akaipitisha katikati ya majengo. Mara bawa likagonga ukuta, picha ikasimama. Kijana akabonyeza kitufe kimoja, na tazama, ndege ikawa uwanjani tena, nzima, bila hata mkwaruzo.

Bibi yake alikuwa ameketi mkekani nyuma yetu, akichambua mchele. Akauliza, “Na waliokuwamo, je?”

“Wapi, Bibi?”

“Ndani ya nyumba uliyoigonga.”

“Hamna mtu, Bibi. Ni picha tu.”

Bibi akaendelea kutoa mawe katika mchele wake. Kisha akasema taratibu, kana kwamba anajisemea mwenyewe, “Nyumba ndefu hivyo, isiwe na mtu?”

Ndugu wapendwa, hatukusudii kumlaumu kijana huyo, wala kuupiga vita mchezo wake. Mashine za kuigiza urukaji ni faida kubwa kwa wanadamu. Tangu Mmarekani Edwin Link alipounda mashine yake mwaka 1929, marubani wamejifunza kukabiliana na hatari wakiwa bado ardhini, ili wasije wakajifunzia juu ya roho za abiria. Hilo ni tendo la upendo. Kijana naye alisema kweli: ndani ya picha hamna mtu. Hata hivyo swali la bibi tuliondoka nalo, nasi tungependa liwe ufunguo wa Injili ya leo. Tuangalie mambo matatu.

Jambo la kwanza: kishawishi cha kuona yote bila kumwona mtu. Ibilisi alimpandisha Bwana mlimani akamwonyesha milki za dunia. Mwinjili Luka anaongeza kwamba alimwonyesha zote kwa muda mfupi mno. Tutafakari hapo. Kwa muda mfupi hivyo mtu anaweza kuona nini? Anaona kuta, minara, barabara na fahari. Hawezi kumwona mjane anayetafuta sarafu yake chini ya kitanda. Hawezi kumwona mkoma aliye nje ya lango. Ibilisi huuonyesha ulimwengu kwa namna hiyo makusudi, kwa sababu mtu asiyeona nyuso ni rahisi kutaka kutawala.

Chicago yenyewe ni ushahidi. Mwezi Oktoba mwaka 1871 moto mkubwa uliuteketeza mji ule. Watu wapatao 300 walikufa na wapatao 100,000 wakabaki bila makazi. Majengo tunayoyastaajabia yaliinuka baada ya majivu hayo, kwa mikono ya wahamiaji maskini kutoka nchi nyingi. Katika mitaa yao alitembea mtawa mmoja mdogo wa umbo, Mtakatifu Fransiska Saveria Cabrini. Yeye alitamani kwenda China, lakini Papa Leo wa Kumi na Tatu alimwelekeza magharibi, kwa Waitalia wenzake waliokuwa wakihangaika Marekani. Mwaka 1889 akavuka bahari. Akaanzisha shule, makao ya yatima na hospitali, na tarehe 22 Desemba 1917 akafariki dunia mjini Chicago, katika hospitali aliyoianzisha mwenyewe. Mwaka 1946 alitangazwa kuwa mtakatifu, na mwaka 1950 akawekwa kuwa msimamizi wa wahamiaji. Baadaye mji ukajenga nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini, na mtaa huo ukaitwa Cabrini-Green, nusu kwa jina lake. Maghorofa yakainuka, lakini wakazi wakaachwa na umaskini na magenge ya wahalifu, mpaka ghorofa la mwisho likabomolewa mwaka 2011. Kutoka angani mtaa ule ulikuwa visanduku vilivyopangwa vizuri. Ndani ya visanduku hivyo walikuwamo akina mama waliolala macho wazi wakisubiri watoto wao warudi salama.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali. Tunaikumbuka tarehe 7 Agosti 1998, siku ambayo mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, walio wengi Nairobi. Huko Nairobi kulisikika kwanza mlio mdogo, watu wakaenda madirishani kutazama. Ulipofuata mlipuko mkubwa, vioo vikawapiga usoni, na wengi wakapoteza macho yao. Walioandaa uovu ule walikuwa wameyachunguza majengo. Waliona kuta, malango na barabara. Mioyoni mwao walikuwa wamekwisha kusema: hamna mtu.

Tusidhani kwamba neno hilo husemwa na magaidi tu. Mkubwa wa kazi hulisema anapofuta majina katika orodha bila kumwita hata mmoja na kumsikiliza. Sisi mapadre hulisema tunapotazama kutoka altareni tukaona umati na bahasha za michango, lakini hatujui ni mlango upi katika parokia haujafunguliwa tangu mazishi ya mwezi uliopita. Katekista hulisema anaposoma daftari la wakatekumeni na kuweka alama ya kutohudhuria, asiulize kwa nini. Mwana aliye mjini hulisema anapotuma fedha kijijini kila mwezi, ilhali miaka mitano imepita hajaketi karibu na mama yake. Fedha inafika, uso haufiki.

Jambo la pili: kishawishi cha kuanguka bila kuumia. Juu ya mnara wa hekalu Ibilisi alimwambia Bwana ajitupe, kwa maana malaika wangemdaka. Kwa maneno mengine: ruka tu, hakuna kitakachotokea. Hiyo ndiyo kanuni ya mchezo wa kijana wetu. Unagonga, unabonyeza, unaanza upya.

Ndugu wapendwa, maisha hayana kitufe hicho. Baba anayenywea karo ya mtoto hurudi nyumbani, hulala na kuamka mzima. Lakini karo hairudi, na mtoto husimama nje ya darasa. Fundi anayepunguza saruji katika nguzo hupokea malipo yake na kwenda zake. Nguzo hubaki na siri hiyo mpaka siku itakapoelemewa. Dereva wa basi anayeshindana na mwenzake mteremkoni hubeba nyuma yake watu wenye majina. Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu, nao walijua walisemalo.

Huenda mtu akatuuliza: Je, Sakramenti ya Kitubio si kitufe hicho? Hapana. Tuielewe vizuri hasa katika siku hizi za Kwaresima. Kitufe husema kwamba halikutokea jambo. Kitubio husema kwamba limetokea, nami ndimi niliyelitenda, na Mungu katika huruma yake ananisamehe kwa gharama ya damu ya Mwanawe. Kitufe hufuta kumbukumbu. Kitubio huponya kidonda. Ndiyo sababu padre hutoa malipizi, na ndiyo sababu Zakayo, aliposhuka kutoka juu ya mti wake, hakuishia kufurahi. Aliahidi kurudisha mara nne alichowadhulumu watu. Msamaha wa kweli hututuma kwenda kumtafuta yule aliyekuwamo ndani ya nyumba tuliyoigonga.

Tuongeze neno moja kuhusu kuchelewa. Uwanja wa Meigs, ambao kijana aliondokea, haupo tena. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003, kwa amri ya meya wa mji, matingatinga yaliichimba njia ya kurukia ndege na kuikata kwa alama kubwa za msalaba wa mshazari. Kulipokucha, ndege zilizokuwa zimeegeshwa pale zilikuta hazina mahali pa kurukia. Siku hizi ni bustani ya kupumzikia. Lakini katika kompyuta ile ya zamani njia ingali pale, safi, ikimngojea rubani. Ndivyo anavyotudanganya mshawishi. Hutuonyesha kiwanja cha kutua ambacho pengine kesho hakipo: “Utaungama Pasaka ijayo. Utapatana na ndugu yako mkirudi kijijini.” Huruma ya Mungu haifungwi, hilo tuliamini kwa moyo wote. Kinachofungwa ni muda wetu, na muda wa yule tunayedaiwa kumwomba radhi.

Jambo la tatu: namna ya kuongozwa tusipoona njia. Marubani hufundishwa jambo la ajabu. Ndege ikiingia ndani ya wingu zito, mwili wa rubani huanza kumdanganya. Masikio yake ya ndani humwambia kwamba amenyooka, kumbe ndege imelala ubavu na inazunguka ikishuka. Akiufuata mwili wake, ataanguka huku akiamini yuko salama. Hana budi kuvikubali vipimo vilivyo mbele yake, hata kama kila kiungo cha mwili wake kinapinga. Ndivyo Bwana alivyofanya jangwani. Alikuwa na njaa ya siku 40, na mwili wake ulidai mkate. Hakujibu kwa njaa yake. Mara tatu alijibu kwa Neno la Mungu kutoka Kumbukumbu la Torati.

Hata hivyo tuwe waangalifu, hasa ninyi makatekista. Ibilisi naye alinukuu Maandiko, alitumia Zaburi. Katika ndege kuna kipimo cha kuonyesha urefu kutoka usawa wa bahari, nacho ni lazima kirekebishwe kulingana na mkandamizo wa hewa wa mahali pale, kama waongozaji walioko ardhini wanavyomtajia rubani. Asiporekebisha, kipimo kizima kabisa humweleza uongo. Kijana alituhadithia pia kwamba katika toleo la mwaka 2020, linalochora dunia nzima kwa kutumia ramani na picha za kutoka angani, lilizuka katika kitongoji kimoja cha Melbourne, nchini Australia, jengo jembamba la ghorofa 212 katikati ya nyumba fupi za watu. Sababu yake ilikuwa nini? Mtu mmoja aliyechangia ramani ya hiari aliandika 212 mahali pa 2. Kompyuta haikuuliza, ilijenga. Ndivyo neno moja la uongo, au aya moja iliyonyofolewa mahali pake, inavyoweza kujengwa kuwa mnara wa Babeli ndani ya jumuiya. Kwa hiyo Neno la Mungu tulisome pamoja na Kanisa, tukikubali kusahihishwa. Mwenye kujirekebishia kipimo peke yake ataongozwa na matamanio yake, huku akidhani anaongozwa na Mungu.

Wapendwa wasikilizaji, kuna wakati mwingine ambapo Bwana wetu aliutazama mji kutoka juu. Siku zake za mwisho zilipokaribia, akishuka Mlima wa Mizeituni, aliuona Yerusalemu umeenea mbele yake pamoja na hekalu lake zuri. Ibilisi alikuwa amemwonyesha miji ili aitamani. Yeye aliuona mji ule akaulilia, kwa sababu aliwaona waliokuwamo: akina mama, watoto, na maangamizi yaliyokuwa yakiwajia. Kisha akaendelea kushuka, akaingia mjini, akafia nje ya kuta zake.

Hapo ndipo imani yetu ilipo. Katika karne za kwanza walikuwako watu waliofundisha kwamba mwili wa Kristo ulikuwa kivuli tu, kwamba alionekana tu kuteseka. Mtakatifu Inyasi wa Antiokia, akiwa njiani kupelekwa Roma kuuawa, aliandika barua akiwapinga vikali. Kwa nini alipinga? Kwa sababu Mungu aliyeigiza ubinadamu asingeweza kutuokoa. Mwana wa Mungu hakuigiza. Alishuka akawa udongo pamoja nasi, akaona njaa ya kweli, na misumari aliyopigiwa ilikuwa ya kweli.

Usiku ule tulipoaga, umeme ulikuwa umekatika. Kijana yule akachukua kurunzi ili atusindikize mpaka barabarani. Akatangulia akimulika chini. “Padre, angalia, hapo pana shimo.” Tulipopita mbele ya nyumba moja yenye giza akapunguza mwendo akasema, “Humu anakaa Mama mmoja, anaumwa miguu. Bibi hunituma nimchotee maji.” Tukatazamana na mlango ule, nasi twaungama mbele yenu kwamba, ingawa ni mlango wa parokia yetu, hatukuwa tumewahi kuupigia hodi. Kumbe yule aliyesema hamna mtu katika majengo ya Chicago, katika njia yake ya miguu alijua aliyemo. Bibi yake alikuwa amekwisha mfundisha. Padre wake ndiye aliyehitaji kufundishwa.

Basi, Kwaresima hii tufanye jambo moja dogo. Kila mmoja wetu ajichagulie nyumba moja ambayo amekuwa akiipita kwa mbali, akiitazama kama paa na ukuta tu. Aiendee kwa miguu. Apige hodi, angoje kuitikiwa, aketi. Asipeleke kwanza mahubiri wala msaada; apeleke kwanza uso wake. Na kama ndani ya nyumba hiyo anakaa mtu tuliyemgonga kwa maneno au kwa matendo yetu, tuombe radhi mapema, kabla kiwanja hakijafungwa. Mpanda ngazi hushuka, wasema Waswahili. Heri yetu sisi tukishuka kwa hiari, tukimfuata Yeye aliyeshuka kwanza.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekataa kuitawala dunia kutoka mlimani, ukachagua kutembea katika vumbi la njia zetu, tuepushe na kiburi cha wanaotazama kutoka mbali. Tujalie macho ya kumwona aliyemo. Unapotuingiza katika wingu, tuongoze kwa Neno lako. Na tunapoanguka, utuinue kwa huruma yako, utupe na moyo wa kurekebisha tulichoharibu. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Tunawatakieni nyote Dominika njema na Kwaresima yenye matunda. Tumsifu Yesu Kristo!